Kuku wa Ijumaa

Naichukia ile hoteli ya kuku. Nalisema mapema ili msomaji asije akafikiri nimekuja hapa kupatana na mtu. Ni ile yenye bango jekundu, iliyotujia Garissa kutoka Nairobi. Ina matawi katika kila mji wenye lami, na kila mahali kuku ni yuleyule na sanduku ni lilelile. Ilipofunguliwa kando ya barabara kuu, mji ulishangilia utafikiri tumeletewa chuo kikuu. Wazee wazima wenye ndevu za hina walipanga foleni juani, kisha wakapigwa picha wameshika paja la kuku.

Hebu nikueleze ni kitu gani hicho. Kuku anachovywa kwenye unga wa ngano, anachovywa kwenye maji, anarudishwa kwenye unga, halafu anatumbukizwa kwenye mafuta yaliyomkaanga kuku wa jana na wa juzi. Chumvi imemwagwa humo mpaka ulimi unakufa ganzi. Kando yake chipsi, kando ya chipsi mkate laini usio na ladha ya chochote, na soda ya kuyasukuma yote yapite. Hicho ndicho chakula cha watu ambao bibi zao walikuzwa kwa maziwa ya ngamia. Bibi yangu kule kijijini Hadado alizikwa na meno yake yote, na hakuwahi kuonja tambi. Sisi tumesoma, tuna mishahara, tunakula unga uliokaangwa.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya msingi hapa mjini. Ni Msomali, Kiswahili nilikikuta darasani nikiwa mtoto na nikaolewa nacho kabla sijaolewa na mume. Katika chumba chetu cha walimu yupo mwenzangu mmoja mwenye kisukari na presha, dawa zake anazo kwenye mkoba, na wallahi nimemwona akizimeza kwa soda ya hoteli hiyohiyo. Nikamwambia, "Abaayo, unajiua." Akanijibu kwa upole, kama dada anavyomjibu dada, "Siku za mtu zimeandikwa." Nikamwambia zimeandikwa, ndiyo, lakini hakuna aliyekwambia ushike kalamu. Hatukusemezana mpaka muhula ulipoisha.

Najua ninavyosemwa mjini. Mwalimu mkali, mwalimu wa ngano. Basi na waseme, kwa sababu wao hawakuona niliyoyaona.

Nina watoto watatu, wavulana wawili na kitinda mimba msichana. Huyu msichana alikuwa na miaka minane lakini ukimweka na watoto wa miaka mitano hungemtambua. Tumbo limevimba, miguu vijiti, nywele nyepesi, kuhara hakuishi. Tulimtibu minyoo. Tukamtibu taifodi, tukamtibu ameba, tukamtibu taifodi tena, maana hapa kwetu kila tumbo ni taifodi mpaka ithibitike vinginevyo. Mama mkwe akasema ni jicho la watu, akamsomea Kurani kwenye maji, na maji hayo mtoto aliyanywa kwa imani kuliko sisi wote. Mwishowe nikambeba hadi Nairobi. Wakampima damu, wakamwingiza mrija wenye kamera mpaka kwenye utumbo, na daktari, mama mmoja wa makamo asiyependa maneno mengi, akanitajia ugonjwa ambao sijapata kuusikia: seliaki.

Akanieleza. Ngano ikiingia tumboni mwa mtoto huyu, mwili wake unaigeukia kama adui, na katika vita hivyo utumbo wake mwenyewe ndio unaochubuka. Chakula kinapita bila kumfaa. Haongezeki damu, harefuki. Si suala la kupunguza. Makombo tu yanatosha kuwasha vita. Nikauliza dawa. Akasema, "Dawa iko jikoni kwako, mama. Hospitali haina."

Sasa wewe nionyeshe jiko la Garissa lisilo na ngano. Asubuhi anjera, ile mikate laini ya kumimina, na siku hizi hata hiyo ni unga wa ngano mtupu. Saa nne mandazi. Mchana chapati au tambi. Ramadhani ikija, sambusa mpaka uzichoke. Nenda hotelini uagize wali na nyama, chakula ambacho Mungu mwenyewe amekiumba bila ngano, utaletewa wali umerundikiwa tambi juu, mchanganyiko wanaouita federesheni, na ukilalamika weita anazichota tambi kwa kijiko mbele ya macho yako na kukurudishia sahani ileile. "Haya mama, zimetoka."

Siku moja nilimwuliza weita kuhusu supu, hapo karibu na soko la mifugo.

"Kuna ngano ndani?"

"Hakuna mama, ni supu ya mbuzi tu."

"Mbona nzito?"

"Tumetia unga kidogo."

"Unga wa nini?"

"Wa chapati."

Nikamrudishia bakuli. Ndipo akanishauri, kwa nia njema kabisa, nimwambie mtoto aseme bismillahi ale, kwani riziki ya halali haimdhuru mtu. Nilimwuliza kama sumu ya panya aliyonunua kwa pesa ya halali angeilamba kwa bismillahi. Mume wangu akanivuta mkono tukatoka.

Nyumbani nilishika hatamu. Nilimnunulia mtoto sufuria yake, mwiko wake, sahani yake ya bati yenye ukingo wa kijani, na kikombe. Nikavihifadhi kwenye ndoo yenye kifuniko, na ole wake atakayeigusa. Kwetu watu hula pamoja, sinia moja katikati ya mkeka, mikono yote inaingia humo. Baba anasukuma pande la nyama upande wa mtoto bila kusema neno, na mtoto anajua amependwa. Lakini mikono ya wanangu wakubwa ilikuwa imeshika chapati. Mkono wa chapati ukiingia kwenye wali, wali wote umeharibika. Kwa hiyo msichana nikamtandikia mkeka wake jikoni, mbali na makombo, nikampakulia wake na nyama yake na ndizi yake, nikamfunikia nzi wasimwingilie. Nikishahakikisha ameanza kula, naenda kwenye sinia na wengine. Mwaka mzima sikukosea hata siku moja. Nilijiona komando.

Mara moja tu nililegeza kamba. Mtoto wa jirani alifanyiwa karamu ya Idi kwenye ile hoteli ya kuku, na msichana wangu akaalikwa. Alinitazama kwa macho yale. Nikaenda mwenyewe mapema, nikauliza chipsi zina nini, msichana wa kaunta akanisomea: viazi, mafuta, chumvi. Nikaruhusu chipsi peke yake. Jioni hiyo alitapika mpaka akatoa nyongo, akalala siku mbili.

Miezi michache baadaye tukarudi Nairobi kwa kipimo cha mwaka. Daktari alitazama karatasi, akaitazama tena, akaiweka mezani. Kile kitu katika damu ambacho kingepaswa kuwa kimeshuka, hakikushuka. Urefu, nusu ya kidole tu kwa mwaka mzima.

"Mtoto huyu anakula ngano," akasema.

"Hali."

"Mama, anakula. Na si mara moja. Damu haina sababu ya kunidanganya."

Nilitaka kumrushia ile karatasi. Mimi? Mimi niliyeacha kununua hata mkate? Akaningoja nimalize, kisha akasema pole pole kwamba mifupa ya mtoto haina subira, kwamba kuna umri ukipita urefu aliopoteza haurudi, na damu aliyopungukiwa si jambo la kuchezea. Akatupatia miezi sita. Miezi sita damu isafike, la sivyo yeye hawezi kuniahidi mtoto atakua awe mwanamke mzima mwenye nguvu zake.

Njia nzima ya kurudi nilihesabu vijiko. Nani amegusa nini, lini, na mkono gani. Mtoto alilala mapajani mwangu, mwepesi, na kila nilipomgusa uti wa mgongo hasira ilinipanda upya. Tulipovuka daraja la Tana nilikuwa nimeshatoa hukumu. Ni ile hoteli. Kama chipsi za Idi zilimlaza siku mbili, bila shaka bado zinamtafuna ndani. Daktari alisema si mara moja, nami sikutaka kumsikia. Nilitaka mtu wa kumkamata koo, na mwenye bango jekundu alikuwa karibu.

Alhamisi, baada ya shule, nikamshika mtoto mkono nikaenda naye kama ushahidi. Aliburuta miguu. Akasema, "Hooyo, twende nyumbani," kwani watoto wetu humwita mama hooyo, na baba aabo. Nikamwambia anyamaze, leo namtetea yeye.

Meneja alikuwa kijana wa kutoka bara, shati limepigwa pasi, adabu nyingi. Alinisikiliza mpaka mwisho, na mwisho wangu haukuwa karibu. Wateja waliacha kutafuna. Nilimwambia wanauza ugonjwa kwenye sanduku. Nilimwambia msichana wake wa kaunta amenidanganya mchana kweupe. Akasema, "Madam, pole sana, chipsi zetu ni viazi tu." Nikamwambia basi nionyeshe jiko. Alisita, akawatazama wale wateja, akaona heri nipige kelele huko ndani kuliko huku nje.

Nikaona. Karai la unga, kubwa kama la kuogeshea mtoto, unga umetimka mpaka kwenye rafu za juu. Mafuta rangi ya chai ya rangi. Mashine mbili za kukaangia, moja ya kuku, moja ya viazi.

"Mnaona?" akasema meneja. "Tunatenganisha."

"Na watu wakiwa wengi?"

Mpishi, mtu mkweli kuliko bosi wake, akajibu, "Wakiwa wengi tunakaanga popote mama. Ijumaa hapa ni vita."

Ee, nilifurahi! Naona aibu kusema, lakini nilifurahi. Nilikuwa nimeshinda kesi. Nilirudi pale kaunta nikawatangazia watu wote kwamba viazi vyao vinaoga na kuku wenye unga, na mwenye kisukari asikie, na mwenye presha asikie, na mwenye mtoto asikie. Mzee mmoja aliinua kipande chake, akakitazama, akaendelea kula.

Ndipo mwanamke wa kaunta, si yule wa siku ya Idi, huyu alikuwa mtu mzima, Msomali mwenzangu, akainama akamtazama binti yangu na kutabasamu.

"Si huyu ni mtu wetu wa Ijumaa?" akasema. "Yeye na babake, meza ile ya dirishani. Vipande viwili na mkate. Maashallah, hawakosi."

Nikamwambia amekosea.

Aliona uso wangu. "Labda nimekosea, walaal, dada yangu," akasema haraka. "Watoto wanafanana."

"Hajakosea, hooyo," binti yangu akasema.

Kila mwaka nawafundisha watoto wa darasa la sita methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako. Nawaambia waitungie sentensi. Siku hiyo nilitembea kutoka barabara kuu mpaka nyumbani bila kuona gari wala mtu.

Mume wangu ni ofisa wa mifugo. Anaweza kumtazama mbuzi kwa mbali, kwa namna anavyosimama tu, akakwambia anaumwa nini na amekula mti gani. Nilimkuta uani anatia udhu wa alasiri. Sikumngoja aswali, Mungu anisamehe. Nikamwuliza mara moja, na kwa sifa yake niseme hakukana. Alitaka kukalia kibirika chake cha udhu kama mtu aliyechoka kusimama, nusura aanguke nacho, akavuta kigoda.

"Mara moja kwa wiki," akasema. "Baada ya swala ya Ijumaa. Nilidhani wiki nzima inamtosha kupona."

"Nani alikwambia? Mbuzi?"

"Usinitukane mbele ya mtoto."

"Nitakutukana mbele ya kaunti nzima! Umemlisha sumu mwanao, kwa mkono wako!"

"Kwa mkono wangu, ndiyo," akasema, na sasa yeye pia alikuwa amepandisha sauti, jambo ambalo ni nadra kwake. "Ulitaka nifanye nini? Kila siku nakaa kwenye sinia na wavulana, binti yangu yuko jikoni na sahani yake chini ya kifuniko kama mwenye ukoma. Zamani mtu aliyetengewa chombo chake tulijua ni nani. Hata kwa kifua kikuu hatukumtenga mtoto mdogo hivyo. Nilimpeleka mahali ambapo anaweza kula na babake, chombo kimoja. Kuku nilimnyofolea mwenyewe. Alicheka. Wewe umemwona akicheka lini?"

Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki. Nilimwambia anamwua kwa mapenzi, na kwamba heri baba mchoyo kuliko baba mjinga. Nilimtajia miezi sita ya daktari. Nilimtajia mifupa. Alifunika uso kwa viganja, na aliponiambia hakujua ni vibaya kiasi hicho, kwamba aliponiona nampigia kelele kila weita alidhani ni ile hasira yangu ya kawaida, sikumpa nafasi ya kumaliza. Akaondoka kwenda msikitini na machozi yake, na mimi sikumwonea huruma hata kidogo. Mpaka leo sijui kama nimemsamehe.

Nikaingia ndani. Kazi haingoji hasira. Wavulana wangerudi na njaa. Nilikanda unga wa chapati zao kwa ngumi, nikazisukuma, nikazichoma, na nadhani majirani walisikia kila kipigo. Kisha nikanawa harakaharaka, nikavitoa vyombo vya msichana kwenye ndoo, nikampikia wali wake na nyama, nikampakulia. Alikuwa amekaa kwenye mkeka wake magoti kifuani.

"Ulikuwa unajua kwamba kuku yule ana ngano?" nikamwuliza.

"Najua."

"Tumbo lilikuwa linakuuma?"

"Kila Jumamosi."

Jumamosi! Jumamosi zote zile aliponiambia kichwa kinamuuma, asiende duksi kusoma Kurani, nami nikamwita mvivu. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungemkataza aabo."

"Kwani huyo kuku ni mtamu kiasi gani, we mtoto? Mtamu kiasi cha kukubali kuumwa?"

Alifikiri, kwa sababu ni mtoto wa kufikiri kabla ya kujibu, hakurithi kwangu. "Si mtamu," akasema. "Ni chumvi tu. Lakini aabo alikuwa anakula na mimi." Akavuta uzi mmoja wa ule mkeka, akaukata. "Wewe hujawahi kula kwenye sahani yangu, hooyo. Hata siku moja."

Nilifungua mdomo. Jibu lilikuwa tayari, mimi sikosi jibu. Nani anakupikia? Nani amekupeleka Nairobi? Nani amegombana na mji mzima kwa ajili yako? Yote hayo ni kweli na yote yalikuwa yameshafika kwenye ulimi. Lakini mtoto hakuuliza hayo. Nikaitafuta siku moja, moja tu, katika mwaka mzima, milo mitatu kwa siku, ambayo nilikaa kwenye mkeka ule. Chumvi niliionja, kwa kijiko, nikiwa nimesimama. Halafu nilimfunikia, nikaenda kwenye sinia, nikararua chapati yangu na wengine.

Basi nikakaa. Magoti yangu si ya kukaa jikoni, lakini nikakaa. Nikasema bismillahi nikapeleka mkono kwenye wali wake.

Akaufunika kwa viganja vyake viwili, upesi, kama mama anayezuia mtoto asishike moto.

"Umeshika unga," akasema. "Angalia kucha zako."

Nikaangalia. Ulikuwepo, mweupe, umekauka pembeni ya kucha. Nikainuka nikanawa kwa sabuni na maji, nikasugua kucha kwa brashi, nikanawa tena. Nilichukua muda mrefu, na sababu si unga peke yake. Niliporudi wali ulikuwa umepoa na yeye alikuwa na njaa, lakini alikuwa hajala hata tonge moja. Ameisukuma ile nyama yote upande wangu.